Kwa nini "nauta bonus" na si "nauta bona"? Uzi wa nomino na vivumishi vya Kilatini kwa wanaoanza

#1 Mpekuzi
Wakuu, heshima zenu. Nina dai moja na swali moja.

Dai: anayezungumza Kiswahili hana sababu ya kuogopa upatanisho wa Kilatini. Tunasema kitu kizuri, vitu vizuri, mti mzuri, miti mizuri bila kufikiri. Kilatini ni mchezo uleule, ila alama imehamia mwishoni: puella bona (msichana mwema), dominus bonus (bwana mwema), donum bonum (zawadi nzuri). Ukiona -a weka -a, ukiona -us weka -us.

Swali: sasa kwa nini vitabu vinaandika nauta bonus, "baharia mwema"? Na manus magna, "mkono mkubwa"? Ni vighairi vya kukariri au kuna kanuni imejificha?

#2 BintiSarufi
Dai lako limeanza vizuri likaharibikia kwenye sentensi ya mwisho. Kivumishi cha Kilatini hakifuati sauti ya nomino. Kinafuata mambo matatu: jinsia ya nomino (kiume, kike au neutra, yaani isiyo ya kiume wala ya kike), idadi (umoja au wingi) na hali, yaani kazi ya nomino kwenye sentensi (nominativi ya mtenda, akuzativi ya mtendwa na wenzake). Kundi la nomino, yaani lile jedwali inakotoa viishio vyake, halimo kwenye hesabu hiyo.

Nauta inatoa viishio vyake kundi la kwanza, lakini jinsia yake ni ya kiume. Bonus nayo ikitaka kuwa ya kiume inakwenda kuchukua viishio vya kundi la pili. Kila neno lina jedwali lake, yanakutana kwenye yale matatu tu: nauta bonus, nautam bonum, nautae boni, nautarum bonorum.

Na Kiswahili unalo hilo tayari. Kiongozi ana ki- mbele, lakini husemi "kiongozi kizuri". Umbo la KI-VI, upatanisho wa A-WA.

#3 Kasuku wa Dirishani
Kiongozi mzuri = nauta bonus. Uzi umeisha, tuzime taa tukalale.

#4 Mkaguzi
Usizime bado. Mfano wa #2 unafungua mlango wa nauta na kufunga wa manus. Kiongozi anachukua upatanisho wa A-WA kwa sababu ana uhai, maana ndiyo inaamua. Nauta ni vivyo hivyo: baharia, agricola (mkulima), poeta (mshairi), scriba (karani), auriga (mwendesha gari la farasi), pirata (haramia), wote ni kazi walizohesabiwa wanaume, basi ni vya kiume. Maana inatosha.

Lakini mkono una uke gani? Manus ni ya kike na hakuna uhai wa kukuokoa. Hapo inabidi ujue tu. Orodha yenyewe si ndefu. Kundi la nne karibu lote la -us ni la kiume; vya kike unavyokutana navyo mapema ni manus, domus (nyumba), porticus (baraza ya nguzo) na tribus (kabila). Kundi la pili vya kike ni humus (ardhi), majina ya miti kama fagus na populus, na mahali kama Aegyptus na Corinthus. Halafu kuna virus (sumu) na vulgus (umati), ambavyo vinaishia -us na ni neutra. Kundi la tano lote ni la kike isipokuwa dies (siku) na meridies (adhuhuri). Na dies yenyewe ni kigeugeu, ikiwa na maana ya siku iliyopangwa huwa ya kike.

#5 Mpekuzi
Nashukuru #2 na #4. Kwa hiyo nikiona -us nijue ni kundi la pili au la nne, kisha niangalie orodha hiyo ya vya kike?

#6 FundiJedwali
Hapana mkuu, hapo ndipo wengi wanapozama. -us peke yake haikuambii kitu. Tempus (wakati), corpus (mwili) na opus (kazi) ni kundi la tatu na ni neutra. Virtus (ushujaa) ni kundi la tatu na ni ya kike. Kwa hiyo tempus longum, virtus magna, dominus bonus, manus magna. Maneno manne yenye mkia mmoja, makundi matatu, jinsia tatu.

Tatizo la wanaoanza si vivumishi kabisa. Wanakariri nomino nusu. Nomino ya Kilatini hukaririwa kwa vipande vitatu pamoja na maana yake: nominativi, genitivi (hali ya umiliki), jinsia. Si "rex, mfalme" bali "rex, regis, kiume, mfalme". Kila kipande kina kazi.

Genitivi ya umoja inakuambia kundi. Ikiwa -ae ni la kwanza, -i la pili, -is la tatu, -us la nne, -ei la tano. Basi dominus, domini, tempus, temporis, manus, manus. Wamekwisha kutengana.

Genitivi hiyohiyo ukiikata kiishio inakupa shina. Rex ukiitazama huoni g, lakini regis bila -is ni reg-, na kuanzia hapo regem, rege, reges, regum. Nomen (jina) inatoa nomin-, caput (kichwa) inatoa capit-, iter (safari) inatoa itiner-. Mtu aliyekariri iter peke yake ataandika "iterum" akidhani ni genitivi ya wingi, kumbe ameandika neno jingine kabisa lenye maana ya "tena". Jibu sahihi ni itinerum.

Jinsia ndiyo inayokupeleka kwenye safu ya kivumishi.

Sasa jaribu magnus na flumen, fluminis, neutra (mto), genitivi ya wingi. Shina ni flumin-, kundi la tatu, kwa hiyo fluminum. Kivumishi kinataka neutra, wingi, genitivi: magnorum. Magnorum fluminum. Anayefuata sauti ataandika "magnum fluminum" na atajisifu kwamba vimefanana.

#7 Bahasha
Nyongeza kwa #6. Genitivi inaokoa pia kwenye maneno ya -er, yale yanayodondosha e: ager, agri (shamba), magister, magistri (mwalimu), liber, libri (kitabu).

#8 FundiJedwali
Sawa, lakini msomaji asichukulie kwamba yote yanadondosha. Puer, pueri (mvulana) inabaki nayo. Vivumishi navyo vimegawanyika: pulcher, pulchra, pulchrum (zuri) inadondosha, miser, misera, miserum (nyonge) haidondoshi. Kwa kivumishi tazama umbo la kike, ndilo linalokuonyesha shina. Na liber ya kitabu si liber, libera, liberum ya "huru". Ile ya pili ina i ndefu.

#9 Kasuku wa Dirishani
Kwa hiyo "kitabu huru" ni liber liber? Lugha ya wakuu hii.

#10 BintiSarufi
Ni līber liber au liber līber, na mpangilio ni hiari yako. Ablativi yake (hali ya "kwa" au "kutoka") ni libro libero, hapo wanaachana.

#11 Mwana wa Pwani
Mimi naomba ufafanuzi wa vivumishi vyenyewe. Bonus, bona, bonum naielewa. Ila nakutana na fortis, ingens, acer, na humo hamna -us wala -a. Hizi zinafuata nini?

#12 BintiSarufi
Vivumishi viko kambi mbili. Kambi ya bonus: kiume na neutra hutoa viishio kundi la pili, kike hutoa kundi la kwanza. Kambi ya fortis: jinsia zote hutoa kundi la tatu. Kivumishi hakihami kambi kwa sababu ya nomino. Hili liandike ukutani. Fortis (hodari) ikikutana na puella haigeuki "forta". Ni puella fortis, puellam fortem, puellae forti.

Ndani ya kambi ya pili tofauti iko kwenye nominativi ya umoja. Acer, acris, acre (kali) ina maumbo matatu. Fortis, forte ina mawili: fortis kwa kiume na kike, forte kwa neutra. Ingens (kubwa mno) ina moja tu kwa wote, ndiyo maana kamusi inakuongezea genitivi, ingentis, upate shina. Baada ya nominativi, karibu zote zinatembea pamoja.

Mahali pa kuangalia ni patatu. Ablativi ya umoja ni -i, si -e: forti, ingenti, acri. Genitivi ya wingi ni -ium: fortium. Neutra ya wingi ni -ia: fortia. Nomino nyingi za kundi la tatu zina -e, -um, -a. Kwa hiyo "kwa mwili mkubwa mno" ni ingenti corpore, -i huku na -e kule, na vyote ni sahihi. "Ingente corpore" ndilo kosa la kawaida, mtu amelazimisha vifanane.

Kosa la pili kwa ukubwa ni "ingentem corpus". Kanuni ya neutra haina huruma: nominativi na akuzativi ni umbo moja, kwa nomino na kwa kivumishi. Akuzativi ya ingens corpus ni ingens corpus.

#13 Mkaguzi
Nomino za kundi la tatu zenye -ium zipo pia, zisisahaulike. Zile ambazo nominativi na genitivi zina silabi sawa, kama civis, civis (raia), civium. Na zile za silabi moja ambazo shina linaishia konsonanti mbili: urbs (mji) urbium, nox (usiku) noctium. Neutra za -e, -al, -ar: mare (bahari), ablativi mari, wingi maria. Wasaliti ni canis (mbwa) canum, iuvenis (kijana) iuvenum, na familia nzima: pater patrum, mater matrum, frater fratrum.

#14 Irabu Ndefu
Mnazunguka mbuyu. Chanzo cha matatizo yote haya ni vitabu vinavyochapa Kilatini bila mstari juu ya irabu ndefu. Puella ni nominativi, puellā ni ablativi. Manus ni umoja, manūs ni genitivi ya umoja, au nominativi ya wingi. Ukifuta mstari umefuta hali.

Mfano unaojulikana na wengi: Ave Maria, gratia plena. Anayeanza anaona gratia plena, zote -a, anasema vimepatana, "neema iliyojaa". La. Gratiā ni ablativi, "kwa neema". Plena ni nominativi na imepatana na Maria: uliyejaa neema. Mstari mmoja tu ungemaliza ubishi.

#15 FundiJedwali
Mfano mzuri, hitimisho nalikataa. Warumi wenyewe kwa kawaida hawakuandika mistari hiyo na walielewana. Aliyejua kwamba plenus hutaka ablativi au genitivi ya kitu kilichojaza hahitaji mstari. Na puellae ina ae ileile kwa genitivi ya umoja, dativi (hali ya mpewa) ya umoja na nominativi ya wingi, mstari haukusaidii chochote. Kinachosaidia ni kivumishi kilicho jirani na kitenzi. Puellae fortis ni genitivi, puellae forti ni dativi, puellae fortes ni wingi. Kivumishi cha kambi nyingine ndicho taa yako.

#16 Irabu Ndefu
Warumi walikuwa wakisikia urefu kila siku, mwanafunzi anasoma karatasi. Si haki kuwalinganisha.

#17 BintiSarufi
Kwa sala, Baba Yetu ina mazoezi bora kuliko Salamu Maria. Chukua maneno yake tu. Nomen tuum: nomen ni neutra ya kundi la tatu. Voluntas tua: kike, kundi la tatu. Panem nostrum: akuzativi ya kiume, -em na -um. Debitoribus nostris: dativi ya wingi, -ibus na -is. Hakuna hata moja inayofanana kwa sauti na zote zimepatana. Aliyeijua kwa moyo ana jedwali la noster na tuus kichwani tayari.

#18 Mlinganishi
Naongeza sababu ambayo haijatajwa: mpangilio wa jedwali. Donatus, mwanasarufi wa Kirumi wa karne ya 4, aliorodhesha nominativi, genitivi, dativi, akuzativi, vokativi (hali ya kuita), ablativi, na shule nyingi zikafuata hivyo. Uingereza ikageuka baada ya Benjamin Hall Kennedy na kitabu chake cha sarufi ya Kilatini cha 1866: nominativi, vokativi, akuzativi, genitivi, dativi, ablativi.

Mpangilio wa Kennedy unakaa vizuri kwa upatanisho. Neutra zina nominativi, vokativi na akuzativi sawa, na hapo zimekaa bega kwa bega. Dativi na ablativi za wingi ni sawa kwa makundi yote, nazo zimekaa pamoja. Anayetumia mpangilio wa zamani anaona mfanano umetawanyika, ndiyo maana anaandika "ingentem corpus" kama alivyosema #12.

#19 FundiJedwali
Na anayetumia wa Kennedy anaisukuma genitivi hadi mstari wa nne, anasahau kuikariri, anaandika "iterum". Chagua ugonjwa wako.

Kibaya ni kuchanganya, kitabu kimoja cha huku na programu ya mazoezi ya kule. Unajikuta unataja dativi ukidhani ni akuzativi kwa sababu mdomo umezoea "ya tatu".

#20 Mchimba Mizizi
Salaam. Nawaona mnakariri makundi matano kama yalidondoka toka mbinguni. Yalitokana na sauti ya mwisho ya shina. La kwanza ni shina la -a, la pili la -o (dominus zamani ilikuwa na -os), la tatu konsonanti au -i, la nne -u, la tano -e. Ukijua hivyo unaona kwa nini fluctus, wimbi, haikosi u karibu kila mahali, na kwa nini kundi la tatu ndilo lenye vurugu: limekusanya konsonanti za kila namna pamoja na mashina ya -i.

Hata corpus, corporis ina maelezo. Shina lilikuwa na s. S ikikaa kati ya irabu mbili iligeuka r. Genus, generis, tempus, temporis, vilevile honos ya zamani, honoris, hadi r ikavuta nominativi nayo ikawa honor. Ukiona neutra ya -us yenye r kwenye genitivi, huo ndio mchezo.

#21 Mwana wa Pwani
Inapendeza, ila kwenye mtihani nikiulizwa dativi ya wingi nitaanza kuchimba mizizi au nitaandika?

#22 Mchimba Mizizi
Utaandika ukijua unachoandika, ndugu.

#23 Mtunza Bustani
Napita tu. Mimi ni wa mimea. Majina ya kisayansi yanafundisha upatanisho kuliko kitabu chochote. Sativus maana yake "-a kupandwa". Tazama: Crocus sativus (zafarani), Oryza sativa (mpunga), Allium sativum (kitunguu saumu). Kiume, kike, neutra.

Kambi ya fortis nayo imo: Phaseolus vulgaris (maharage), Beta vulgaris (kiazisukari), ila Hordeum vulgare (shayiri). Salvia officinalis, ila Zingiber officinale (tangawizi). Vulgaris kwa kiume na kike, vulgare kwa neutra, sawasawa na #12.

Na ile miti ya #4: Fagus sylvatica, Quercus alba, Populus alba. -us yenye kivumishi cha kike.

#24 Kasuku wa Dirishani
Mkaratusi je? Eucalyptus globulus. Mti huo, -us na -us. Kanuni ya miti imeanguka chini.

#25 Mtunza Bustani
Haijaanguka. Globulus hapo si kivumishi, ni nomino: kidonge, kifungo kidogo, kwa umbo la tunda lake. Nomino ikiwekwa kando ya nomino hupatana kwa hali tu, jinsia hubaki ya kila mmoja. Ndivyo ilivyo Panthera leo: Panthera ya kike, leo (simba) ya kiume, hakuna ugomvi. Ukitaka kivumishi kwa mkaratusi kipo, Eucalyptus alba.

#26 Mpekuzi
Uzi umekwenda mbali, ila #25 imenifungulia kitu. Swali dogo: nomino mbili za jinsia tofauti zikishiriki kivumishi kimoja? Baba na mama ni wema?

#27 BintiSarufi
Watu wa jinsia mchanganyiko: kiume wingi. Pater et mater boni sunt. Vitu visivyo na uhai vya jinsia tofauti: mara nyingi neutra ya wingi. Kivumishi kikikaa ubavuni mwa nomino badala ya kuja baada ya kitenzi, mara nyingi hupatana na iliyo karibu na kuiacha nyingine ijitegemee.

#28 Mkaguzi
Kabla hatujasahau, kuna vivumishi tisa vyenye mavazi ya bonus na tabia zao. Wanafunzi hukumbuka kwa herufi UNUS NAUTA: ullus, nullus, uter, solus, neuter, alius, unus, totus, alter. Genitivi ya umoja ni -ius na dativi ni -i kwa jinsia zote. Totius urbis, toti urbi. Nulli puellae, si "nullae puellae" ukitaka dativi. Alius ina neutra aliud, na kwa genitivi watu huazima alterius.

#29 FundiJedwali
Nani anataka kujipima? Tafuta: poeta + bonus, genitivi wingi. Fagus + altus, nominativi umoja. Manus + fortis, ablativi umoja. Tempus + omnis, akuzativi wingi. Dies + tristis, genitivi wingi. Urbs + vetus (kongwe), ablativi umoja.

#30 Mwana wa Pwani
Bonorum poetarum. Alta fagus. Forti manu. Omnia tempora. Tristium dierum. Veteri urbe.

#31 FundiJedwali
Tano kwa sita. Ya mwisho ni vetere urbe. Vetus, veteris ni kambi ya pili lakini inatembea kama nomino za konsonanti: vetere, veterum, vetera. Pauper (maskini) pia, paupere, pauperum.

#32 Mkaguzi
Mpe hiyo alama. Juvenal, mshairi wa Kirumi, aliandika veteri centone.

#33 FundiJedwali
Juvenal alikuwa anatafuta silabi ndefu ya kujaza mizani yake. Vetere isingekaa mahali pale. Mwana wa Pwani haandiki shairi.

#34 Irabu Ndefu
Kumbe urefu wa irabu una maana leo?

#35 Mwana wa Pwani
Basi nami nilikuwa kwenye mizani. Sita kwa sita, leteni mengine, na safari hii yawe ya vokativi.